Kuponi ya Bibi

Juzi nilikuwa Makambako nasubiri basi la Njombe, nikaingia hotelini kunywa chai. Kwenye televisheni alikuwepo kijana mwanamuziki, mzaliwa wa huku huku kwetu, anawania tuzo za taifa. Anasema bila haya: "Nipigieni kura, hakuna kama mimi." Wenzangu mezani wakaguna kwamba huyu ana majivuno. Mimi nilitaka kulia, mtu mzima na akili zangu, na nitakuambia kwa nini.

Sisi tulikuwa na kwaya. Kijiji chetu kiko upande wa Kichiwa, na baridi ya huko unaijua, watu wanaota moto mpaka saa nne asubuhi. Ndiyo miaka ile redio za watu binafsi zilipoanza kusikika na kanda zikauzwa hadi kwenye magenge ya viazi. Mwalimu wetu wa shule, mtu wa Tanga, ndiye aliyeifundisha kwaya ile na kuhangaika mpaka ikarekodiwa. Siku moja tukasikia redioni kwamba imeingia kwenye tuzo, inashindania kwaya bora. Kijiji kizima kilichanganyikiwa. Bibi yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alisema tu viazi vinaungua.

Kura zilipigwa kwa kuponi za gazeti. Mwalimu alimwomba mfanyabiashara mmoja wa Makambako amwekee magazeti yaliyododa, akaja nayo kwa baiskeli, tukakata kuponi kwa mkasi wa darasani, kila mwanakwaya akapata yake. Akatangaza huku anacheka, "Tukiikosa hii, mimi narudi kwetu." Watu wakacheka naye. Mimi sikucheka. Kwenye zamu yangu ya kufagia nyumbani kwake nilikuwa nimeiona barua ya kuomba uhamisho, imeshaandikwa, bado tarehe tu. Na huyo mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma wakati wengine wote walishanikatia tamaa.

Jioni kina mama watatu wa kwaya wakaja jikoni kwetu, maana kalamu hawakuizoea. Niwaandikie mimi, na Bibi awe wa nne. Nikajaza jina la wa kwanza pale panapotakiwa jina la mpiga kura, nikamuuliza anachagua kwaya gani. Akasema niwaandike wale wa Dodoma. "Tutajichaguaje wenyewe, mwanangu? Watu watatuonaje?" Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Kila mmoja aliamini wenzake ndio watakaoitaja kwaya yetu, ili mradi yeye asionekane anajisifu. Ndivyo tulivyolelewa huku, ukisifiwa unatazama chini. Niliandika walivyosema. Zamu ya Bibi ilipofika, naye akasema Dodoma. Nikainamia karatasi, nikaandika kwaya yetu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

Nikaikunja kuponi yake haraka, nikaiweka chini ya zile tatu.

Mwalimu alizikusanya kuponi mwenyewe, akazitia bahasha, akazipeleka Makambako kwenye basi. Alirudi amebadilika. Hata shuleni akawa anafundisha anatazama dirishani, na mimi nikawa namchunguza kila asubuhi kama amekuja na begi.

Jumapili ya matokeo tulikusanyika nje ya kanisa baada ya ibada. Betri za redio zilianikwa juani tangu asubuhi ili zisituangushe. Walipofika kwenye kwaya bora, mzee mmoja akakohoa, akafinywa. Dodoma. Watu wetu wakapiga makofi kwa adabu, na hakuna aliyeonekana kuumia. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, halafu akaizima redio.

Uhamisho wake haukuchelewa. Alikuja kuaga asubuhi, begi mkononi, akamshika Bibi mikono yote miwili.

"Bibi, zile kuponi nilizisoma kabla ya kuzituma. Kwaya nzima, ni wewe peke yako uliyetaka nibaki. Nakushukuru sana."

Nilitamani ardhi inimeze. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: Mwalimu, wengine waliona haya tu, huku hatujisifu. Lakini nikifungua mdomo, la kuponi nalo litatoka. Nikaufunga. Bibi akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Safari njema."

Tulisimama mpaka ukungu ukamfunika. Ndipo Bibi akaniuliza kuponi za wenzake niliziandikaje. Nikamwambia, kama walivyosema wenyewe. Nikasubiri kofi.

"Ungeziandika zote kama yangu," akasema, akaenda kumenya viazi.

Bibi hayupo tena. Kanda yetu ilinasa kwenye redio ya mjomba ikakatika, na kuponi ukimwambia mtoto wa leo hakuelewi, kura siku hizi ni kubonyeza tu. Pale hotelini nilitoa simu, nikampigia kura yule kijana mwenye majivuno. Kisha nikawaomba wenzangu mezani simu zao, moja moja, nikampigia kwa zote.