Samaki Aliyeishi Ndani ya Gamba la Konokono

Sufuria inayosuguliwa kwa mchanga ina mlio wake, mkali, unaoingia hadi kwenye meno, na nikiusikia popote ninarudi Kimanga ya utoto wangu, kule chini kabisa, nyumba zilipoishia na ziwa lilipoanzia. Asubuhi wanawake na wasichana wa mtaa tuliteremka na vyombo vya jana vichwani. Hewa ilinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa juani na mihogo iliyolowekwa, na maji ya kando yalikuwa maangavu, ukisimama hadi magotini unaona kucha zako. Wenzangu waliteremka mara moja, mimi niliteremka mara mbili. Kwanza nilipeleka vyombo, halafu nilipanda tena kumchukua mdogo wangu Sifa mgongoni, maana homa ilimkausha miguu angali mchanga na hakuwahi kutembea. Nilimkalisha juu ya jiwe bapa, nyayo zake ndani ya maji, nikamwambia atulie. Kutulia ndiyo kazi aliyoiweza kuliko sisi wote, na kwa hiyo akaona tusichokiona sisi.

Siku moja aliniambia kwamba karibu na jiwe lake kuna samaki mwenye nyumba. Nilimwambia aache uongo, nikaendelea kusugua. Akarudia kesho yake, na kesho kutwa, bila kupandisha sauti, mpaka nikachoka nikachuchumaa. Mchangani palikuwa na gamba tupu la konokono, limefukiwa lote isipokuwa mdomo wake, na mdomoni pale alichungulia samaki mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, wa rangi ya mchanga wenyewe. Alitoka kama mtu anayetoka mlangoni kuangalia mvua. Akachota mchanga kwa mdomo, akaenda nao pembeni, akautema, akarudi kuchota mwingine. Nilipopeleka kidole alinijia na kuniuma, yeye mdogo vile, mimi mkubwa vile. Kivuli cha kunguru kikapita juu ya maji, naye akaingia kinyumenyume gambani, kimya.

Habari ikawafikia wanawake, wakacheka. Mama Zawadi, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukuwa na mapumziko, alimwambia mama, "Mama Furaha, huyu mtoto wako kesho atasema samaki anapika bugali." Furaha ndimi mimi, na mama aliitwa kwa jina langu ingawa furaha kwake ilikuwa haba. Alikuwa mtu wa kazi. Sikumbuki kumwona ameketi mchana. Lakini asubuhi ile, labda kwa kuona Sifa anachekwa, aliiacha sufuria ijae maji, akafunga kitenge vizuri, akachuchumaa kando ya jiwe. Alikaa hapo hata wenzake wakaacha kucheka. Samaki akatoka. Akachota, akatema, akachota, akatema. Mama akasema polepole, kana kwamba anajisemea peke yake, "Kumbe na yeye anafagia." Tangu siku hiyo hakuna aliyechota mchanga wa kusugulia karibu na jiwe la Sifa. Mama Zawadi mwenyewe aliwafukuza watoto waliokanyaga pale, na alitukana vizuri.

Sifa akapata kazi yake. Jioni wote tulipokuwa tumechoka na hatuna la kusimulia, yeye alikuwa nalo. Mara samaki amepigana na mwenzake aliyetaka gamba. Mara ametoa watoto, wadogo kama pumba za mchele, wanazunguka mlangoni, na wakiona kivuli wanaingia wote kwa pamoja. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alianza kuuliza mwenyewe akinawa mikono: na leo? Mtoto ambaye watu walimsalimu kwa kumhurumia, sasa walimsalimu kwa kumwuliza.

Mvua za mwaka ule hazikujua kuondoka. Ziwa likaanza kupanda. Mwanzoni tulidhani ni mawimbi, kwamba upepo ukitulia maji yatarudi, lakini upepo ulitulia na maji yakabaki. Yalifunika jiwe la Sifa, yakafika kwenye vichanja vya ndagala, yakaingia jikoni kwa Mama Zawadi na kuzima mafiga. Wanaume walipanga mawe, maji yakapita katikati ya mawe. Watu wakasali, wakanyoosheana vidole kwamba nani amekosea nini, wakasali tena. Mimi nilimbeba Sifa mgongoni hadi maji yakanifika kiunoni, ili aone, na siku ambazo mito ya milimani haikuchafua maji aliona gamba lingali pale, chini, mbali na uso wake. Siku moja aliniuliza sikioni, akiniita kama tunavyowaita dada wakubwa, "Yaya, yeye anajua kama maji inaongezeka?" Nikamjibu kwamba kwa samaki maji ni maji, hayamdhuru. Akafikiri, kisha akasema, "Basi ni siye tu."

Ukuta wa nyuma ulipoanguka, baba akakubali maneno ya kaka yake aliyelima Nyakabere, kule kwenye bonde la Ruzizi, mbali na ziwa. Tulipata nafasi juu ya gari la mzigo lililokuwa linakwenda kuchukua mchele. Vitu vyetu vilikuwa tayari vimefungwa Sifa aliposema haendi bila samaki wake. Baba alikataa. Mama akamtazama baba, akamwaga vijiko vilivyokuwa ndani ya beseni, akanipa beseni. Nilizama nikaziba mdomo wa gamba kwa kidole gumba, nikalitoa pamoja na mchanga wake na maji yake. Hakuna aliyenifundisha, nilifanya nilivyoona kuwa ni vizuri, na hata leo sioni ambavyo ningefanya vingine.

Jua la bonde si la mchezo. Juu ya gari lile hakukuwa na kivuli, na kila shimo la barabara liliondoa maji kidogo katika beseni alilolikumbatia Sifa. Mchuuzi mmoja wa mchele alichungulia akasema mboga yetu ya jioni ingekuwa nzuri kama ingekuwa na ukubwa wa kuonekana. Watu wakacheka, sisi pia tukacheka kidogo. Kisha gari likaharibika. Dereva akaingia chini yake, na sisi tukabaki pale kwenye joto, mashamba ya mpunga huku na huku. Samaki akatoka gambani. Hakuchota mchanga. Alipanda juu, mdomo wazi kwenye uso wa maji, akashuka, akapanda tena. Baba, aliyekataa samaki yule kuletwa, aliteremka hadi kwenye mfereji wa mpunga akarudi na maji ndani ya kofia yake. Yalikuwa ya matope na ya moto kama yaliyokuwemo. Akayamwaga polepole, halafu akapiga magoti juu ya magunia matupu, mtu mzima, akaishika kofia yake iliyolowa juu ya beseni ili kuweka kivuli. Mchuuzi akaacha kucheka. Sote tulitazama, na kutazama ndiko kulikobaki. Sifa hakulia. Alitueleza kama alivyokuwa akitueleza kila jioni. "Anapumua na mdomo," akasema. "Sasa kidogo." Halafu akainamia beseni. "Sasa hapana."

Kule Nyakabere nilijaribu. Nilimletea Sifa mdudu anayebingirisha mavi ya ng'ombe kwa miguu ya nyuma. Nilimletea viluwiluwi kutoka kwenye maji ya mpunga, panzi wa kila rangi, jani lililokunjwa na kushonwa na buibui. Nilimweka mlangoni pale siafu wanapopita. Aligeuza uso ukutani. Mama alisema nimwache, nami sikumwacha, niliendelea kutafuta cha ajabu zaidi, nikilala kifudifudi kwenye matuta kama mwenye wazimu. Hakutazama tena mdudu wala samaki, si mwaka ule, si baadaye. Alijifunza kushona, akaolewa Bwegera, ana wajukuu wake na ulimi mzuri wa utani, ila ukimtajia samaki yule anakuuliza kama umeshakula. Aliyebaki na macho yale ni mimi, niliyekuwa nikiyatafutia kazi.

Ndiyo maana wajukuu wangu wananiona mkali. Niliolewa nikarudi Kimanga, na nyumba yangu imejaa watoto wanaojua picha ya simba kwenye kitabu cha shule na hawajui nani anaishi chini ya mtungi wao wa maji. Ninawaambia: keti, funga mdomo, tazama, na usinyanyuke mpaka una neno la kuniambia nisilolijua. Wananung'unika, lakini wanaketi. Mimi sikusoma sana na siwezi kuwaambia kwamba kutazama kutawalisha au kutawalinda. Nimeona kwamba hakulindi. Samaki wa gambani nimewatafuta sana ili niwaonyeshe. Mchanga umechotwa kwa majengo, maji ya kando ni ya rangi ya chai yenye maziwa, na mkono ukizama unatoka na mfuko wa plastiki.

Na ziwa limepanda tena. Zamani lilipotufukuza tulikuwa na Nyakabere ya kukimbilia; leo watu wa bonde wenyewe wamekimbilia kwetu kwa sababu ya bunduki, na ndugu za mume wangu wanalala sebuleni kwangu. Nyumba ya jirani imesimama ndani ya maji hadi madirishani. Juzi nilikuwa ukingoni pale na mjukuu wangu Neema wakati mwanangu yuko juu ya paa letu anang'oa mabati kabla ukuta haujaanguka nayo. Neema alikuwa ameegemea dirisha la jirani, anaangalia ndani ya chumba kilichokuwa cha kulala. "Koko," akaniita kwa sauti ya chini, kama wajukuu wote wanavyoniita bibi yao, "kuna kadudu, iko natembea juu ya maji na haizami." Nikaenda, nikainama kwa magoti haya yanayouma, nikamwona. Nikamwambia Neema asisogee, atazame aniambie ni mguu upi unaotangulia. Kutoka juu ya paa mwanangu akauliza, "Mama, hizi mabati tunazipeleka wapi?" Akauliza mara ya pili. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, mtoto anatazama.