Baba Yuko Mahabusu kwa Chupa Niliyopiga Nayo Mimi

Admin, jina langu lifiche, Mwanza hapa tunajuana. Mimi ni binti wa miaka 27, Msukuma, sijaolewa. Nauza kaunta kwenye baa iliyofunguliwa ndani ya kiwanda cha zamani cha pamba, pembeni ya ziwa.

Jamani, ile kazi naipenda! Kokteli zangu sichanganyi makorokoro ya dukani. Shira ya ukwaju nachemsha mwenyewe, tangawizi natwanga, maganda ya limao naloweka kwenye asali ya nyuki wadogo. Na jengo sasa! Matofali yameachwa wazi, magurudumu ya chuma yananing'inia darini, na katikati ipo ile mashine ya kuchambulia pamba, imepakwa mafuta inang'aa. Wateja wanagombania kupiga nayo picha.

Mashine hiyo ndiyo iliyomla baba yangu mkono wa kulia, mimi sijazaliwa. Nilimsimulia bosi kwa uchungu, kumbe mwenzangu kaona biashara.

Jumapili nikamwalika baba aone ninapofanyia kazi, kabla hatujafungua. Alikuja na koti lake la kanisani, mkono wa kulia wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Nikampigia magoti na sinia kama nyumbani, nikampa ukwaju na asali, bila kilevi. Akaonja, akacheka. "Mwanangu, hii tamu."

Bosi akaja na simu mkononi. "Shikamoo mzee. Hebu simama hapo kwenye mashine, toa hicho kimkono. Wateja watapenda."

"Kijana, niache ninywe."

Bosi akachomoa pini, akavuta koti mpaka likachanika. Baba akamsukuma. Loo! Bosi akamzaba kofi mzee wa watu, baba akaanguka akajigonga kwenye chuma cha mashine, damu ikamtapakaa shati lote. Na lile shetani likainua simu, likaanza kumpiga picha pale pale chini.

Sijui nilinyanyukaje. Nilibeba chupa ya shira, ile nzito, nikamtwanga nayo kisogoni. Ikapasuka. Alipogeuka huku anayumba nikamchana shavu kwa kipande kilichobaki, akadondoka. Shira na damu vilichanganyika sakafuni. Niseme ukweli, nilitaka kumwongeza.

Baba akajikokota, akaninyang'anya kile kipande. "Lete hapa." Mlinzi alipoingia alimkuta yeye ndiye kakishika.

Bosi yuko hospitali, hakumbuki aliyempiga, anaapa mzee atafia jela. Jana nilipeleka ugali na sato mahabusu. Nikamchambulia baba miiba, kwa mkono mmoja hawezi. Akaninong'oneza, "Wameniuliza kikongwe kama mimi nimewezaje. Nimewaambia hasira. Wewe ukifungua mdomo, mimi siyo baba yako. Mkono wako unalisha wadogo zako. Wangu ulishaliwa."

Jumatatu anapelekwa mahakamani. Nikisema ni mimi, baba ananikana na wadogo zangu wanalala njaa. Nikinyamaza, anafungwa kwa mkono ambao ni wangu. Ndugu zangu, matusi wekeni pembeni, nipeni akili: niende nikaseme, au ninyamaze?