Alama haikuwepo siku ile, na mimi ndiye niliyeiondoa

Admin, ukiiweka hii ficha jina langu na la kituo. Nimechoka kubaki nayo peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mzaliwa wa Singida, huu ni mwaka wa sita niko Kyela. Natengeneza mfumo wa kompyuta ambao zahanati zinautumia kuandika habari za wajawazito. Tunautunza kwa matawi mawili, yaani nakala mbili za mfumo uleule. Moja ni tawi imara, ndilo wauguzi wanalotumia kila siku. Jingine ni la majaribio, huko tunabomoa na kujenga. Kitu hakihami kutoka majaribio kwenda kwenye imara mpaka kijaribiwe wiki mbili. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe.

Kazi yote ni yangu. Kila kosa nalirekebisha mara mbili, huku na kule, na kipindi kile nilikuwa namuuguza mama yangu. Bosi akaniambia kuna wageni wanataka kuona ukurasa mpya wa ripoti. Nikamwambia bado haujajaribiwa. Akasema, "Weka tu, wakiondoka utautoa."

Badala ya kuchukua ukurasa ule mmoja, nililichukua tawi zima la majaribio nikaliunganisha na lile imara. Nilitaka iishe. Humo ndani kulikuwa na sehemu niliyoiacha nusu, ile inayoweka alama nyekundu kwa mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji ili apelekwe hospitali mapema. Ikiwa nusu, haikuweka alama yoyote.

Siku hiyohiyo mama mmoja aliyekaribia kujifungua alitoka Ikombe kwa mtumbwi kuja kliniki. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Kadi yake ilikuwa imelowa, haisomeki. Muuguzi, nimwite Tumpe, alikuwa na wiki moja tu kituoni pale. Akaangalia kwenye mfumo, hakuna alama. Foleni ilikuwa ndefu, hakumuuliza zaidi, akamruhusu arudi nyumbani badala ya kumpeleka hospitali. Uchungu ulimshika kulekule. Mpaka anafikishwa hospitali, mtoto alikuwa ameshafariki. Mama alipona.

Mimi asubuhi iliyofuata nililirudisha tawi imara lilivyokuwa, bila kujua lolote. Kwa hiyo wachunguzi walipofungua mfumo, alama waliikuta. Tumpe akasimamishwa kazi kwa uzembe.

Alikuja kwangu na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mama yangu mgonjwa. Akasema, "Dada, niliangalia mara mbili. Haikuwepo. Au macho yangu yana shida?" Nikamwambia pole. Hilo tu. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga", kwa kumsikiliza, akaondoka.

Nilipomwambia bosi nataka kusema ukweli, alijibu taratibu, "Wataufunga mfumo, zahanati zote zirudi kwenye madaftari. Unajua alama ile imewaokoa akina mama wangapi?" Ninajua. Ndiyo maana neno lake limenikaa.

Jumatatu naitwa mbele ya kamati inayochunguza kifo kile, niseme kama mfumo unafanya kazi. Unafanya kazi. Wakiishia hapo, nitajibu ndiyo na sitakuwa nimedanganya. Rekodi za mabadiliko zipo, zina jina langu, siku na saa, ila kwenye kamati ile hakuna anayejua kuzifungua.

Sitaki kutukanwa, nimeshajitukana vya kutosha. Nataka mtu aniambie: nikiingia pale Jumatatu, nijibu wanachoniuliza, au niwafungulie rekodi zile wasome wenyewe?