Feni ya Ofisini Ilipounguruma kwa Namba Tatu

Enzi zetu, wenzangu mliokunywa uji wa shule kwa kifuu cha nazi, feni ilikuwa moja kijiji kizima, tena ya mezani, na waliopepewa nayo walikuwa wajumbe wa kamati peke yao. Sisi wengine tulipepewa na Mungu. Siku hizi kijana umeme ukikatika kidogo anavua shati na kulalama kama aliyetumbukizwa kwenye tanuri. Sisi tulishinda jikoni na moshi wa makumbi, machozi na kamasi vikitutiririka, tukidhani ndivyo binadamu anavyotakiwa kuishi.

Kijiji chetu kilikuwa kisiwani Mafia, upande wa Bweni, ndani ya minazi. Ofisi ya kijiji iligusana mgongo na jiko letu, jambo lililonifaa sana, maana sikuwa mtoto wa kutoka. Wenzangu wakicheza kombolela walijificha hadi vichakani. Mimi nilijificha jikoni kwetu, nyuma ya mtungi, kila siku, na aliyekuwa akitafuta alianzia hapo. Mama alikuwa akisema, "Huyu mwanangu hata akiolewa, mume atahamia hapa hapa."

Feni ilikuja kutoka Dar es Salaam pamoja na jenereta dogo, miaka ile tulipokuwa tukiambiwa kila kitu ni chetu sote. Jenereta likawekwa mbali, nyuma ya ghala la mbata. Feni yenyewe ilikuwa na vitufe vitatu. Namba moja ilivuma kama nyuki. Namba mbili ilikuwa kama mtu anakuna nazi kwenye mbuzi. Namba tatu, ndugu zangu, ilikuwa kama mvua ya masika juu ya bati, hata sauti ya mwadhini ilibidi ipigane nayo.

Tangu siku ya kwanza Mama hakuiamini. Kilichomtia shaka ni madirisha. Kila feni ilipowashwa, madirisha ya ofisi yalifungwa.

"Upepo umejaa kisiwa kizima," alimwambia Bi Tatu, jirani yetu, huku wakisuka ukili wa mikeka. "Wao wanaufungia nje, kisha wanawasha wa chuma. Kwa nini?"

"Joto, mwenzangu."

"Joto la nini? La maneno. Ile haipozi mtu, ile inaziba masikio yetu."

Na kweli, zamani Mwenyekiti akikohoa ofisini sisi jikoni tulimwambia pole. Sasa hatukusikia kitu. Ndipo nikapewa kazi ambayo sijapata nyingine iliyonifaa kama ile: kukaa nyumbani na kusikiliza feni. Mama akirudi kisimani huniuliza, "Wako namba ngapi?" Nikimwambia moja, huvuta kinu chake akatwanga. Nikimwambia mbili, huuma mdomo. Hesabu hiyo tuliitunga wenyewe: moja ni habari za kufagia njia, mbili ni habari za mtu, tatu ni habari za watu wote.

Basi ikaja wiki ambayo feni haikushuka kutoka namba tatu. Asubuhi tatu, alasiri tatu. Na jambo la watu wote tuliloliogopa wakati ule lilikuwa moja tu, kuhamishwa. Vijiji vingine vilikwisha kukusanywa kando ya barabara. Sisi tulikuwa na minazi aliyoipanda bibi yangu mzaa mama, na kisima cha maji baridi, matamu, ambacho Mama alikisimanga na kukisifu kama mtoto wake wa kwanza. Huko barabarani, mahali tulipopaita Uwandani, palikuwa mchanga mtupu na maji ya chumvichumvi.

Mama akaweka mchi chini. Kisha akasema, "Watatupeleka Uwandani. Sasa mwenye akili atangulize mnazi."

Maana kwetu Mafia ardhi ni ya Mungu, lakini mnazi ni wa aliyeupanda. Mwanadamu anaweza kukuondoa kwenye nyumba, ila hakuna atakayesema mnazi wako si wako. Anayepanda mapema ndiye atakayekuwa na mahali pa kusimama. Basi alfajiri, baada ya sala, Mama akanibeba kwa nguvu kutoka kitandani, akaficha miche ya minazi ndani ya kanga, tukaenda Uwandani kwa siri.

Tulipofika tukakuta mtu ameinama. Bi Tatu.

"Umekuja kufanya nini huku, Bi Tatu?"

"Natafuta kuni. Na wewe?"

"Mimi pia kuni."

"Kuni zako mbona zimechipua?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini, kisha wakasaidiana kuchimba. Kulipopambazuka vizuri tukaona hatuko peke yetu. Uwanda mzima ulikuwa na watafuta kuni, kila mmoja na jembe, kila mmoja akidhani amegundua siri peke yake. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kugombana juu ya mipaka, miche ilipandwa kwa mistari iliyonyooka, mizuri kuliko shamba la shule.

Haukupita muda mrefu, akaja mkubwa mmoja kutoka wilayani. Akapita Uwandani, akaona ile mistari. Mkutano ukaitishwa juani. Mwenyekiti akasimama, uso umemng'aa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe, ilionekana wazi, hakulielewa.

"Ndugu wananchi," akasema, "mgeni wetu amefurahi. Anasema hajaona watu waliojitolea kuhama kabla ya kuambiwa. Mmetutangulia hata sisi kamati."

Watu wakatazamana. Mama akasimama. Sijawahi kumwona amesimama vile.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba."

"Wiki ile mliyowasha feni namba tatu, mkafunga na madirisha, mlikuwa mnazungumza nini?"

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Choo cha shule, Mama. Na hatukufika mwisho, hatusikilizani mle ndani. Vitufe vya moja na mbili vimekufa, imebaki tatu tu. Madirisha tunafunga maana karatasi zinapeperuka."

"Kwa hiyo kuhama hamkusema?"

"Hatukusema. Lakini sasa mmekwisha kusema nyinyi."

Tukahama. Si mwaka ule ule, lakini tukahama, na lori lililobeba vitanda vyetu likasimama penye mnazi wa Mama kama alivyopanga mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akirudi kijiji cha zamani kwa miguu kuteka maji ya kisima chake. Hakupata kuiita nyumba mpya nyumbani. Aliiita "kule kwa feni", maana feni ndiyo iliyotupeleka. Na mimi, ambaye Mama alikuwa akisema sitatoka kwake, ndiye niliyebaki Uwandani mpaka leo, kwenye nyumba ile ile, nikiandika haya.

Naandika kwa kompyuta aliyoniletea mpwa wangu Hamadi. Boksi lake lilikuwa likinguruma chini ya meza, na mimi, kwa malezi niliyopata, kila likipandisha sauti nilikuwa naacha kuandika na kutega sikio. Hamadi akaona aibu kwa niaba yangu. Akalifungua, akapuliza vumbi, akaweka programu ya kupunguza kasi ya feni iliyomo ndani yake.

"Sasa limetulia, shangazi. Likipata moto litaongeza kasi lenyewe, kidogo kidogo, hutasikia."

"Na nitajuaje kwamba limepata moto?"

"Huna haja ya kujua. Lenyewe linajua."

Akaondoka na simu mkononi, nayo pia kimya, ikimletea maamuzi ya watu asiowajua. Nao vijana hawashuku. Wanaguswa bega na kifaa, wanabonyeza kukubali, wanaendelea na safari. Enzi zetu tulishuku vibaya, na shuku yetu ikatuhamisha. Lakini Mama alikuwa na mtu wa kumsalimia shikamoo, akamwuliza mbele ya watu, na mtu yule akasimama juani, akakuna kichwa, akamjibu.