Wanaume wa Chumba cha Mwisho

Mama Pacha aliapa kwa watoto wake wote wawili kwamba yule mgeni wa chumba cha mwisho amefuga wanaume. Na si mmoja.

"Mmoja anaitwa Hodi, mwingine Karibu," alimwambia mwenye nyumba huku akikamua nepi. "Kila akirudi kazini namsikia kwa masikio yangu haya. Anamwita Hodi, anambembeleza, Hodi kimya. Halafu anaunguruma yule Karibu. Sijui huyo Hodi ni kiziwi!"

Mgeni mwenyewe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Aliingia nchi ile peke yake, na begi lenye zipu mbovu, na lugha ya pale aliijua ile ya kuombea maji tu. Alisalimia kila aliyepishana naye kwenye ngazi. Wakamjibu kwa nyusi. Kazini akaanza kuyasalimia mashati, maana hayo angalau yalitoa mvuke. Kutwa alinyoosha kola za watu asiowajua sura, jioni anapanda ngazi na miguu iliyovimba kama mito.

Hayo yote aliyamudu. Kilichomshinda ni mlango. Shangazi aliyemlea alikuwa na sheria moja: anayeingia bila hodi ni mbuzi. Sasa jioni ya kwanza alisimama pale, ufunguo mkononi, akaona haya kujiingilia kimbuzimbuzi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Ndipo akajiitikia mwenyewe kwa sauti ya shangazi, mama mwenye koo la dereva wa lori: "Karibuuu!" Akaingia, akavua viatu, moyo ukatulia. Ikawa mazoea.

Siku yake ya mapumziko, mlango ukagongwa kwa ngumi. Mwenye nyumba huyo, amevimba. Nyuma yake Mama Pacha, pacha mmoja mgongoni, mwingine kiunoni.

"Chumba hiki ni cha mtu mmoja," mwenye nyumba alisema. "Nasikia mko watatu. Hodi na Karibu watoke, la sivyo utoke nao leo leo!"

Mpiga pasi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mwenye nyumba akazidi kuvimba. Akainama chini ya kitanda, akatoka na ndala moja. Akafungua kabati, akakutana na sare ya kazi. Mama Pacha akachungulia nyuma ya pazia.

"Wameruka dirishani!"

"Ghorofa ya nne?" mwenye nyumba akamuuliza.

Kicheko kilimkauka mpiga pasi alipoona mwenye nyumba ananyoosha mkono kudai ufunguo. Akifukuzwa, aende wapi? Hamjui mtu hata wa kumwekea begi. Akatoka nao nje, akafunga mlango, na lugha yake ya kuombea maji akaitoa yote.

"Hodi, ni mimi. Niko nje, naomba kuingia. Karibu, ni mtu wa ndani. Anafurahi nimekuja."

"Mtu gani wa ndani?"

"Ndiyo shida yenyewe, baba. Hayupo."

Mwenye nyumba akajikohoza. Akasema kitu kuhusu taa ya ngazi iliyoungua, akateremka haraka kana kwamba taa ndiyo iliyomleta.

Mama Pacha alibaki, hajui pa kuweka macho.

"Mimi moyoni nilijua," alisema mwishowe. "Mwanaume gani anaitika akiitwa?"

Mpiga pasi akacheka tena, safari hii polepole, akampokea yule pacha wa kiunoni. Mtoto akamshika pua, akaikagua kama vile ameinunua.

"Dada," alisema kwa lugha yake ya kuungaunga, "mlango wako na wangu inatazamana. Kesho nikirudi nikasema hodi, niitikie wewe. Hii sauti ya shangazi inanikwaruza koo."