Koti Lililochemshwa

Juzi mjini Kakamega nilikwenda kwa dobi kuchukua suruali yangu ya tetroni. Mbele yangu mama mmoja alifungua furushi la gazeti, akatoa koti la sufu lililosinyaa likawa kama la mtoto wa shule.

Dobi aliligeuza polepole. "Mama, ulilifua namna gani?"

"Nilichemsha na sabuni ya kipande. Kaki za bwana yangu za kukata miwa nachemshanga hivyo. Masizi ya miwa ya kuchomwa haitokangi bila moto."

"Na hili koti limeingia kwa miwa?"

"Hapana, ni mpya, lakini lilitundikwa na hizo nguo za miwa. Alilinunua miwa ilipolipa. Jumapili anawekwa mzee wa kanisa. Nilitaka hiyo siku moja tu asinuke moshi."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, nikajifanya nakohoa. Dobi hakucheka. Alilichovya koti kwenye maji vuguvugu, akaanza kulivuta mkono mmoja mmoja, taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga.

"Kaki inavumilia moto, mama. Sufu inataka maji ya uvuguvugu na kivuli."

Kumbe kanisa lao ndilo langu. Jumapili nilimwona bwana huyo akisimama mbele, mikono ya koti imeishia karibu na viwiko. Wimbo ulipoanza, aliinua mikono yote miwili juu kuliko sisi sote, huku mkewe akimtazama.

Koti langu mimi linanitosha barabara. Sina mtu wa kulichemsha.