Mama Herufi atafuta kifaa cha kuuchukua mkono wake

Duka la vifaa vya kompyuta ndiyo kwanza linafunguliwa, na mteja wa kwanza ameshaketi kwenye kiti cha muuzaji. Ameshika kalamu ya tableti ya kuchorea. Anaitazama ncha yake, anaitia mdomoni, anainyoosha kwa midomo kama brashi, kisha anainamia meza.

"Mama, leo tena? Hiyo haina rangi," muuzaji anamwambia, akijizuia kucheka.

"Najua haina. Mdomo ndio haujajua," anajibu, na kicheko kinawashinda wote wawili.

Mtaani kwao wanamwita Mama Herufi. Ni mchora mabango tangu akiwa msichana, na ukipita katikati ya mji unasoma mkono wake bila kujua: kwa kinyozi, kwa fundi saa, kwenye duka la magodoro. D yake ina tumbo kubwa, kama mtu aliyetoka kula. Wenye macho wanaitambua wakiwa ng'ambo ya barabara.

Lakini siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine. Zamani bango moja lilimtunza wiki nzima. Sasa mwezi unaweza kukatika brashi haijalowa. Aliyebaki naye ni mwenye duka la dawa, mteja wake wa siku nyingi, ambaye anafungua matawi mapya na anataka yote yafanane.

"Alinijia kiungwana," anasema Mama Herufi. "Akaniambia, dada, herufi zako nazitaka, ila niletee kwenye kompyuta. La sivyo watu wa uchapaji wataweka za kwao. Nilinyong'onyea, sikufichi."

Akiba yake ilitosha kifaa kimoja tu. Mumewe, fundi viatu asiyeishiwa maneno, alitaka skana: mama achore kwenye karatasi kama alivyozoea, mashine ichukue picha, mambo yaishe. Ushauri mzuri tu, jamani, kama si ile rangi ya mafuta.

Maana alichora jina la duka la dawa nyumbani, akaligusa kwa kidole, akaona limekauka. Kumbe lilikauka juu juu. Alipokwenda kuijaribu skana dukani, mfuniko ukakandamiza, na karatasi ilipobanduliwa nusu ya jina ilibaki kwenye kioo.

"Nilitamani ardhi ipasuke niingie," anasema. "Nikatoa thina ya kuyeyushia rangi mkobani, nikasugua mwenyewe. Huyu muuzaji alinisimamia kama askari."

Picha yenyewe nayo haikumfurahisha. Rangi yake inang'aa, ikarudisha mwanga wa mashine, kila herufi ikatoka na doa jeupe.

Ikabaki tableti. Ile yenye skrini, ambayo mstari unauona pale pale unapochora, bei yake haikushikika. Aliyoimudu ni kibao cheusi kitupu: mkono unachora mezani, mstari unatokea kwenye kompyuta. Siku ya kwanza ya kukijaribu hapa dukani alichora ovyo kabisa. Akiutazama mkono, kibao hakimwonyeshi kitu. Akiitazama kompyuta, mkono unapotea. Alirudi nyumbani. Mumewe alimwangalia usoni, akameza utani wake, akaenda kumchemshia chai.

"Niliogopa," anasema Mama Herufi. "Hela inatafutwa. Lakini mkono huu ukikataliwa, mimi ni nani tena?"

Jibu lilimjia siku mbili baadaye, akiwa kazini kwenye dirisha la mshona nguo. Jina likichorwa kwenye kioo, mchoraji hukaa ndani ili mvua isiile rangi, na huandika kinyumenyume ili wapita njia wasome sawasawa. Mkono uko huku, maandishi ni ya kule. Kazi hiyo ameifanya maisha yake yote bila kuiwazia.

"Nikajiambia, we mama, si ndiyo hii hii? Acha kuuchunga mkono kama mtoto mdogo!"

Ndiyo maana asubuhi hii amerudi. Anaegemeza mkono kwenye fimbo yake fupi ya kazi, anakaza macho kwenye kompyuta, anavuta mstari kuanzia begani. D inatokea, tumbo na yote. Muuzaji anaacha kufagia. Herufi zikikamilika, anamsaidia kumtumia mwenye duka la dawa, na wote wanakaa wakiitazama simu.

Simu inaita. "Dada, nimekujua kabla sijasoma jina," sauti inasema. "Nachapisha hizi."

Mama Herufi anashusha pumzi, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na kuanza papo hapo kudai apunguziwe bei ya kibao.

Sasa anachora alfabeti nzima, kubwa na ndogo. Muuzaji amemweleza kuwa herufi zikikamilika zinaweza kuwekwa kwenye kompyuta, mtu yeyote akaandika kwa mkono wa Mama Herufi. Watoto wake hakuna aliyeipenda brashi, na kuta alizochora hupakwa rangi upya kila mwaka. Ameshapita mara nyingi akakuta kazi yake inafutwa, akaendelea na safari.

"Nataka siku moja niwe mgeni kwenye mji nisioujua," anasema, "niukute mkono wangu juu ya mlango wa mtu ambaye hatujawahi kuonana. Nitaingia, nitanunua hata sabuni, nitatoka. Wala sitamwambia."